Mifugo Ipi Ikae Nyumbani? Historia Fupi ya Ufugaji Kilwa na Pwani ya Lindi



Kila tunapokaribia harambee ya mwaka, hoja moja hurudi mezani. Tukishakusanya fedha za kuzisaidia kaya changa kule nyumbani zianzishe mashamba yao madogo, tuzinunulie mifugo gani? Wenzetu wengi wanaoishi Dar es Salaam hutaja ng'ombe wa maziwa. Wameona alivyowainua watu wa Kilimanjaro na Tanga, nao wanauliza kwa nini mtu wa Njinjo au Mchinga asiwe naye zizini. Wengine hutaja kuku wa kisasa wa mayai. Wazee wa nyumbani wakiulizwa hutaja kuku wa kienyeji na mbuzi, kisha husikilizwa kwa adabu tu, kama watu waliokwisha kuzoea umaskini.

Sisi tunaona wazee wana hoja, na hoja yao ina umri mkubwa kuliko chama chetu. Kabla hatujachanga hata shilingi moja, inafaa tujikumbushe ardhi ya kwetu imewafanyia nini watu waliokuja nayo mifugo, na waliozaliwa juu yake walijifunza nini.

Kisiwani walikuwepo ng'ombe

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba pwani ya kusini haikuwahi kuwa nchi ya mifugo. Ushahidi unasema vingine. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani, akiwemo Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta katika majaa ya mji wa kale mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kuku, pamoja na ile ya samaki. Wareno walipouteka mji huo Julai 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, maelezo yaliyoandikwa juu ya safari yao yalitaja ng'ombe, kondoo na mbuzi walionona, na bustani zilizonyweshwa kwa maji ya visima. Kwa hiyo waliojenga Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa walikula nyama ya zizini, na hawakutegemea bahari peke yake.

Kuku naye ana safari yake. Asili yake ni Asia, na alifika kwetu kwa njia ileile ya Bahari ya Hindi iliyoleta shanga, vyombo vya kaure na nguo. Kuchi, yule jogoo mrefu wa shingo ndefu anayependwa mpaka leo katika pwani yote, anafanana kwa damu na kuku wa kupigana wa Asia. Anayesema kuku wa kienyeji ni kitu cha kijijini tu, hana habari kwamba ndege huyo ni mgeni wa majahazi aliyepewa uraia zamani sana.

Ng'ombe, hata hivyo, alipendelea kisiwani kuliko bara. Kisiwa kilikaliwa na watu wengi, vichaka vilifyekwa, na wanyamapori walikuwa wachache. Ukivuka maji na kuingia bara kuelekea Matumbi, Liwale na mabonde ya Matandu na Mavuji, unaingia katika himaya ya mbung'o. Inzi huyu huishi katika vichaka na miombo, na hunyonya damu ya nguruwe pori, nyati, pofu na tandala. Wanyama hao hubeba vijidudu vya nagana bila kuugua sana. Mbung'o akihamia kwa ng'ombe, ng'ombe hukonda, manyoya husimama, mimba hutoka, na mwisho hufa. Neno hili moja, mbung'o, linaeleza sehemu kubwa ya historia ya kusini.

Mgongo wa mtu ukawa gari

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje ilipita katika nchi ambamo punda na ng'ombe wa mizigo hawakudumu. Pembe za ndovu zilikuja juu ya vichwa na mabega ya watu, na wengi wa watu hao waliuzwa pamoja na mizigo yao. Kivinje ikawa bandari kuu ya kupeleka watumwa Zanzibar. Biashara ile ilikuwa na sababu nyingi, na tamaa ya wanadamu ndiyo ya kwanza, lakini mahali ambapo mnyama hawezi kubeba, mtu ndiye hubebeshwa.

Jambo hilo lilirudi katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walishika Kilwa Septemba 1916, na mwaka uliofuata mapigano makali yakapiganwa Narungombe mwezi Julai na Mahiwa, upande wa Lindi, mwezi Oktoba. Majeshi yale yalileta Afrika Mashariki farasi, baghala na ng'ombe wa kukokota. Makumi ya maelfu ya wanyama hao walikufa katika kampeni hiyo, wengi kwa nagana, wengine wiki chache tu baada ya kuingia penye mbung'o. Mizigo ikahamia tena kwenye vichwa vya watu. Wapagazi walichukuliwa kutoka kila pembe ya nchi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Wale wenzetu wenye maduka Kariakoo wakumbuke kwamba jina la mtaa wao limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo, ambacho kambi yake ilikuwa pale.

Jeshi lenye madaktari wa mifugo na fedha za dola lilishindwa kuwaweka hai wanyama wake katika nchi yetu. Hilo tulikumbuke mtu anapotuambia kwamba mfugaji wa kijijini hana ng'ombe kwa sababu ya uvivu.

Pori lilivyorudi

Watu wa kale hawakukaa tu wakimwangalia mbung'o. Walipolima, walichoma vichaka, walifyeka karibu na nyumba, waliwinda nguruwe waliokula mihogo yao, na kwa kufanya hivyo walimsukuma mbung'o mbali. Penye watu wengi pori hurudi nyuma. Watu wakipungua, pori husonga mbele, na mbung'o huja nalo.

Kwetu watu walipungua kwa nguvu. Mwishoni mwa Julai 1905 wananchi wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa lazima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kabla vidonda havijapona, vikaja vita vya 1914 hadi 1918 na njaa yake. Mashamba yaliyokuwa yakilimwa yakawa vichaka, na tembo wakapita palipokuwa na nyua za watu.

Serikali ya kikoloni baadaye ilizidi kupanua pori la akiba lililopewa jina la Selous, na katika miaka ya 1940 watu wa magharibi ya Liwale walihamishwa kutoka katika makazi yao, sababu mojawapo ikitajwa kuwa ugonjwa wa malale. Ugonjwa huo kwa binadamu nao huenezwa na mbung'o. Hivyo wilaya zetu zikapakana na mojawapo ya mapori makubwa kabisa ya wanyama barani Afrika. Pori hilo lina faida zake kwa taifa, lakini kaya inayoanza kufuga Kilwa lazima ijue jirani yake ni nani.

Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilikusanya watu kandokando ya barabara. Huduma zilisogea, shule zikajengwa, lakini mashamba ya mbali yaliachwa na vichaka vikayafunika. Pia nyumba zilikaribiana, na kuku wa jirani wakawa wanachanganyika kutwa nzima. Kideri kikiingia upande mmoja wa kijiji, kilipita mlango kwa mlango mpaka kikatokea upande wa pili.

Walichokichagua wazee

Tukiyaweka hayo yote pamoja, uchaguzi wa wazee unaeleweka. Walibaki na mifugo midogo inayoishi karibu na nyumba na isiyohitaji kupelekwa machungani porini: kuku, bata, njiwa, na mbuzi wadogo wa kienyeji. Mbuzi naye hushikwa na nagana, lakini huyu mdogo wa kwetu huimudu vizuri kuliko ng'ombe, hula majani ya vichaka, na hahitaji maji mengi. Msimu wa korosho hula mabibo. Beba yake ni miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha.

Kuku wa kienyeji hujitafutia. Hutaga mayai kumi na kitu, huatamia siku 21, na hulea vifaranga wake mwenyewe. Kwa kawaida ni mali ya mama wa nyumba, na hakuna anayemwuliza amemuuza wa nini. Bata anaweza kubeba kideri bila kuugua, na ndiyo maana nyumba nyingi ziliamka asubuhi kuku wameisha na bata wamebaki. Hilo ni jema kwa mwenye bata na ni hatari kwa kuku wa jirani.

Mifugo hii pia ilishikamana na maisha ya kwetu. Kuku alichinjwa kwa mgeni. Mbuzi alitakiwa kwenye akika ya mtoto, kwenye harusi na Idd el-Hajj. Fedha za ufuta huja mara moja kwa mwaka baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na za korosho huja miezi ya mwisho. Katikati ya hapo kuna ada, kuna ugonjwa, kuna safari ya msiba. Aliyekuwa na jike la mbuzi na kuku watano hakuhitaji kukopa kwa kuweka rehani korosho zikiwa bado maua.

Daraja, na ng'ombe kuja

Mpaka miaka ishirini na kidogo iliyopita, mtu aliyetaka kwenda kusini alisubiri kivuko cha Ndundu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na kusini ikaunganishwa. Samaki, ufuta na abiria vilianza kupita mchana na usiku. Miaka mitatu baadaye wakaja wengine ambao hatukuwategemea.

Kati ya 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Ihefu, Usangu, ili kunusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wengi wao, Wasukuma, Wabarbaig na wengineo, walielekezwa Mkoa wa Lindi na Mkoa wa Pwani. Walifika Kilwa, Lindi, Liwale na Nachingwea na makundi ya ng'ombe ambayo watoto wetu hawakuwahi kuyaona. Njiani na katika makazi mapya baadhi ya mifugo yao ilikufa, na wenyewe walilipa gharama kubwa ambayo hatupaswi kuisahau tunapowazungumzia.

Waliobaki wamefanya jambo ambalo vizazi vilivyotangulia hawakuliweza, yaani kuwaweka ng'ombe hai huku kwetu. Wameliweza kwa dawa za sindano za kukinga na kutibu nagana, kwa kupuliza dawa ya kupe na inzi, kwa kuwa na kundi kubwa linalostahimili hasara, na kwa ujuzi wa kizazi hadi kizazi. Leo masoko yetu yana nyama na maziwa zaidi ya zamani. Vilevile yamekuja magomvi: ng'ombe ndani ya ufuta, visima vinavyogombewa, na mahali pengine damu imemwagika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa wanakijiji, kupitia mkutano mkuu wa kijiji, nafasi ya kupanga ardhi yao. Mahali ambapo mpango wa matumizi ya ardhi umechorwa na kuheshimiwa, njia ya ng'ombe inajulikana na shamba linajulikana. Mahali ambapo haupo, mwenye fimbo na mwenye jembe wanakutana shambani.

Tunalisema hili kwa sababu kaya changa ikipewa ng'ombe, inaingizwa katika mashindano ya malisho na maji pamoja na watu wenye makundi. Na ikipewa ng'ombe wa maziwa wa kisasa wa kufungiwa ndani, inahitaji majani ya kukata kila siku, maji mengi wakati wa kiangazi, daktari aliye karibu na mnunuzi wa maziwa kila asubuhi. Kilimanjaro na Tanga vyote hivyo vilijengwa kwa miaka mingi, pamoja na vyama vya ushirika na vituo vya kukusanyia maziwa. Kwetu bado.

Ugonjwa unaosafiri, na chanjo iliyotufuata

Barabara nzuri hubeba pia magonjwa. Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi yetu. Haikuchukua muda mrefu ikawa Tandahimba na Newala, mamia ya kilomita kutoka ilikoanzia, na wachunguzi waliihusisha na mbuzi walionunuliwa mnadani Dar es Salaam na kuletwa kusini. Fundisho lake linatuhusu moja kwa moja. Mtu mwenye nia njema akipakia mbuzi thelathini mnadani na kuwashusha kijijini bila karantini, anaweza kuua mbuzi wa kijiji kizima. Chanjo ipo, na dozi moja hukinga kwa miaka kama mitatu, lakini hutolewa kabla mnyama hajapandishwa gari.

Kwa kuku, habari ni njema zaidi. Katika miaka ya 1990 chanjo za kideri zinazostahimili joto zilifanyiwa majaribio huku huku kusini, Mtwara. Wakati huo mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa na mradi mkubwa wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa jina la RIPS. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia, ndiyo iliyoenea, na sasa hutengenezwa hapa nchini. Hudondoshwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Haihitaji sindano, na mwanamke au kijana wa kijijini akifundishwa anaiweza. Kitu kimoja tu: haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Anayesubiri kideri kiingie ndipo aitafute, amechelewa.

Mvua za Mei 2024 zilizokuja na kimbunga Hidaya zilitukumbusha jambo la mwisho. Barabara ilipokatika eneo la Somanga, mabasi na malori yalikwama siku kadhaa. Mfugaji wa kuku wa kisasa anayengoja chakula cha mifuko kutoka Dar es Salaam hana cha kuwapa barabara ikifungwa. Kuku wa kienyeji siku hizo waliendelea kuparua chini ya miembe, wakaongezewa pumba na chenga za mihogo.

Kaya inayoanza, ianze hivi

Kwa historia hiyo, tunapendekeza fedha za mwaka huu zifuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, chanjo itangulie mifugo. Kila kijiji kitakachoshiriki kipate wachanjaji wawili waliofundishwa, angalau mmoja wao mwanamke, na kuku wa kijiji kizima wachanjwe mara tatu kwa mwaka. Kuchanja kuku wa kaya moja na kuwaacha wa jirani ni kuziba nusu ya tundu.

Pili, kaya ipate majike wanne au watano wa kuku na jogoo mmoja, baada ya kujenga banda lililoinuliwa kutoka ardhini lenye mlango wa kufunga usiku. Vifaranga walindwe kwa tenga wiki za mwanzo, maana mwewe na kicheche nao hula faida.

Tatu, kaya iliyotunza kuku kwa mwaka mmoja ipewe mbuzi majike wawili kwa mtindo wa kopa mbuzi lipa mbuzi: mtoto jike wa kwanza wa kila mbuzi anakwenda kwa kaya inayofuata. Mbuzi wanunuliwe katika wilaya zetu wenyewe, wachanjwe, na wakae peke yao wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Kila kijiji kikubaliane kwanza kuhusu kufunga mbuzi msimu wa mazao, ili msaada wetu usiwe chanzo cha ugomvi.

Nne, ng'ombe asikataliwe milele. Kijiji chenye mpango wa ardhi uliopitishwa, maji ya uhakika na josho kinaweza kuleta ombi lake, nasi tutalijadili pamoja na majirani zetu wafugaji, ambao wanamjua ng'ombe wa huku kuliko sisi.

Tunajua picha ya mbuzi wawili na tenga la vifaranga haipendezi ukumbini kama picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kaya tunazozichangia ndizo zitakazobaki na mifugo hiyo sisi tukiwa tumerudi mjini. Fedha za ng'ombe mmoja wa kisasa zinaweza kuanzisha kaya kadhaa kwa kuku na mbuzi, na mbuzi wakizaa, kaya zinaongezeka bila harambee nyingine.

Basi, kila mwanachama achague kijiji anachokitaka kati ya vile vilivyoomba, ajaze ahadi yake katika fomu iliyomo ndani ya kijarida hiki, na aeleze kama anachangia chanjo, banda, kuku au mbuzi. Wenzetu walioko ughaibuni nao wanakaribishwa. Na wale wenye wazazi wangali hai nyumbani, wapigieni simu kabla ya siku ya harambee muwaulize: katika ua wenu, ni mnyama gani aliyedumu, na ni yupi aliyekufa? Majibu yao tutayasoma ukumbini kabla ya kupitisha bajeti.